Fundi wa Kipara

Ukiingia atelye ya Fundi, karakana yake ya mbao, kwa mara ya kwanza, alikupima. Hakuuliza kama umekuja kutafuta meza au kitanda. Alitoa kamba mfukoni, kamba ya katani iliyokuwa nyeusi kwa jasho, akaishikiza kwenye utosi wako, akainama nayo mpaka kisigino, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeona hasara.

"Wewe utanikulia mbao mingi," alisema.

Wageni walikasirika. Sisi wa mtaa wa Annexe tulikuwa tumezoea. Fundi alitengeneza vitanda, viti, magita na majeneza, na hakuona kwa nini hiyo kazi ya mwisho isemwe kwa sauti ya chini kuliko zile nyingine.

Aliyempima zaidi ya wote ni mume wangu. Walikuwa watani. Kabila la Fundi na kabila la mume wangu wana utani tangu enzi za mababu. Usiniulize ulianzaje, kila anayeuelezea anatoa hadithi yake. Ninachojua ni sheria zake. Mutani anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako, na wewe ukacheka. Anaingia jikoni kwako, anafunua sufuria, anachagua nyama. Siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kwenye kilio na kuvaa nguo zako, anatembea kama wewe, anakohoa kama wewe, mpaka mjane wako anacheka na machozi yangali mashavuni. Mutani halii kwenye kilio. Akilia yeye, nani atachekesha? Na siku hiyo ana ruhusa ya kuchukua kitu cha marehemu, chochote kile, na hakuna wa kumdai. Hilo la mwisho lishike, maana ndilo lililotuumiza.

Mume wangu alikuwa mpiga solo. Jina lake siliandiki hapa, na hata hivyo watu wengi hawakulijua. Walijua jina la gita lake. Lilikuwa gita la umeme, jekundu hapo zamani, alilolipata Ndola likiwa tayari limepita mikononi mwa wengine. Akalipiga miaka na miaka, mpaka pale mkono wake wa kuume ulipokuwa unalala rangi ikaisha kabisa, mbao ikatoka nje, laini kama mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, uliorithiwa. Kwa nyuma, bakoli ya mkanda wake, kile chuma cha kufungia, ilikuwa imechora mistari juu ya mistari. Watu wakaliita Kipara. Familia zikitaka orkestra kwa ajili ya ndoa, swali la kwanza lilikuwa moja: "Kipara iko?" Kama Kipara alikuwa na safari, ndoa ilisogezwa.

Mimi nilimwita mke mwenzangu. Yeye alikumbatiwa kila siku, mimi nilingoja zamu.

Fundi alikuwa na sikio moja tu. La kushoto lilikufa kwenye mashine ya kupasua mbao alipokuwa kijana. Kwa hiyo siku mume wangu alipompelekea Kipara kwa mara ya kwanza, shingo ikiwa imepinda kwa joto, Fundi alimnyoosha, akamfunga nyuzi, kisha akakwangua uzi mmoja na kumng'ata kichwani. Ndiyo, alimng'ata kwa meno. Mume wangu akaruka.

"Uko nakula gita yangu?"

"Niko namusikiliza. Sikio ilikufwa, meno iko nzima. Ikalia mu mbao, inafika mu kichwa."

Alama za meno zikabaki pale kwenye kichwa cha Kipara, chini ya vishikio vya nyuzi. Mume wangu alilalamika wiki nzima, halafu akaanza kuwaonyesha watu. Aliwaambia kuwa magita mengine yana sahihi ya kiwanda, lake lina sahihi ya mutani.

Fundi huyu, mnielewe, hakuupenda muziki wa dansi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani, sauti ya chini, na aliimba vibaya, daima nyuma ya wenzake kama mtu anayekimbilia gari. Alisema gita la umeme ni mtoto asiyeweza kulia bila ruhusa ya courant. Umeme ukikatika katikati ya sherehe, alifurahi waziwazi. Lakini kila Jumamosi, orkestra ikifanya mazoezi nyuma ya nyumba yetu, Fundi alikuwa amesimama kando ya ukuta, upande wa nje, sikio lake zima limeelekea kwetu. Ukimuuliza, alisema anamngoja mtu. Mtu huyo sikuwahi kumwona.

Alikuwa na tabia zake. Alimwaga karanga ndani ya chai, akainywa yote pamoja, akitafuna. Kabla ya kukata ubao aliupiga kofi na kuuwekea sikio. Alisema, "Mbao haina haraka, musumari tu njo iko na haraka." Nami nikirudi kutoka Kasenga na samaki wangu wa kuuza, alikuja moja kwa moja kwenye beseni, akainua mkubwa kuliko wote kwa mkia, akasema anamchukua kwa haki ya utani, kwa sababu mwanamke akiolewa anaingia katika utani wa mume wake. Kisha alinitazama na kuuliza, mume wangu akisikia:

"Mujane wangu, uko muzima?"

"Mimi si mjane, Fundi."

"Ngojea kadogo. Mbao yake iko tayari. Yeye tu njo anakawia."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kila walipokutana Fundi alitoa kamba na kumpima tena, akidai kuwa amenenepa na hasara ni ya fundi. Hivyo ndivyo walivyopendana, na sikuona wanaume wengine wawili waliopendana vile.

Kisha mume wangu akaacha kukawia. Aliugua mvua zilipoanza, na hazikuwa zimekwisha tulipomzika.

Fundi alileta jeneza. Hakuna aliyemwona akija kupima. Hakuhitaji, urefu aliujua kwa miaka. Aliingia uani, akaliweka, akapita ndani bila kumsalimu mtu, akatoka amevaa shati la jukwaani la mume wangu, lile jeupe la mikono mirefu, na ule mkanda wenye bakoli kubwa. Akachukua ufagio wangu. Akausimamisha kama gita, akafumba jicho moja kama mume wangu alivyofumba, akakunja mdomo, akaanza kupiga solo kwa ufagio katikati ya wanawake waliokuwa wanagaagaa chini. Alisimama ghafla, akatazama juu, akasema, "Courant imeenda."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na sioni aibu. Yeye hakutoa hata chozi moja. Alipomaliza alitoka getini na shati lake na mkanda wake, akatangaza kwamba amelipwa. Ilikuwa haki yake.

Kipara alikuwa chumbani, ananing'inia ukutani juu ya kitanda.

Baada ya kilio, kaka mkubwa wa mume wangu alikuja na wadogo zake. Wanaojua mambo ya hapa kwetu wanajua walichokuja kufanya. Walibeba televisheni, viti, vyombo vya sauti, Kipara, hata pazia. Walisema, "Hii bintu yote ni ya ndugu yetu." Binti yangu aliwashika miguu. Waliuacha ufagio.

Nilisikia Kipara amepelekwa Kasumbalesa, mpakani. Nikaenda. Nilitembea kando ya foleni ya malori, nikauliza madereva, nikauliza wanaobadilisha pesa, nikieleza gita jekundu lenye kipara. Mmoja alisema gita kama hilo alikuwa ameliona kwenye kiti cha lori lililokwisha kuvuka. Nilisimama pale nikitazama Zambia kama mjinga. Kisha nikarudi nyumbani.

Nilipomweleza Fundi, alikuwa anapiga randa. Akaacha.

"Nilikuwa na ruhusa," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Siku ya kilio. Ningemubamba Kipara, hakuna muntu angefungua kinywa. Bandugu yake banaogopa utani kupita polisi. Nikabamba shati. Ili bantu bacheke. Kipara alikuwa pale pale mu ukuta, na miye nilibamba shati."

Nikamwambia si kosa lake, hakuna aliyejua kuwa watakuja. Hakunisikia, au alinigeuzia lile sikio lingine.

"Nitakutengenezea yeye," alisema.

"Magita yamejaa sokoni, Fundi. Sihitaji gita. Nataka pale mkono wake ulipolala. Nataka kuweka mkono wangu pale, basi. Hilo unaweza kutengeneza?"

Nilisema kwa hasira, si kwamba nilikuwa namwagiza kazi. Lakini yeye aliichukua kama kazi. Na kuanzia siku ile hakumpima mtu tena, wala hakuniita mujane wangu. Neno lilikuwa limeshakuwa kweli.

Vifaa vya ndani alivitafuta kwenye magita yaliyokufa ya mji mzima: sumaku hapa, vishikio pale. Binti yangu alikuwa na video za baba yake kwenye simu, akampelekea. Fundi alizitazama akiwa ameishika simu mbali, akamrudishia.

"Picha inaonyesha rangi. Pale kulikuwa kashimo kadogo. Picha haionyeshe kashimo."

Kipara wa kwanza aliyemtengeneza alimleta amefungwa kwenye shuka. Alimfungua juu ya meza yangu mpya ya plastiki. Umbo lilikuwa lenyewe, wekundu wenyewe, na kile kipara alikiweka pale pale, lakini juu ya yote alikuwa amepaka verni, mkono baada ya mkono, akaing'arisha mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Nami nilikuwa nimeshauona uso wangu hivyo mara moja maishani, nilipoinama kumuaga mume wangu. Ilikuwa verni ile ile ya jeneza, na hata harufu ilikuwa ile ile. Mkono wangu ulikataa kwenda.

Fundi alinitazama, kisha akatazama kazi yake, akaelewa.

"Mikono ilienda yenyewe, Mama," alisema. Alimfunga tena kwenye shuka akaondoka naye.

Wa pili alimkwangua kwa kipande cha chupa, akamsugua kwa mchanga. Kwa macho alikuwa Kipara kabisa. Nilifumba macho nikaweka mkono, na nikahisi kidonda.

"Huyu amechunwa," nikamwambia. "Kipara hakuchunwa na mtu."

Mimi nina ulimi, kila mtu hapa anajua. Zamani Fundi angenijibu kuwa hata samaki wangu huwachuna hivyo hivyo. Safari hii hakujibu. Mutani asiyejibu ni mgonjwa, na mimi niliondoka pale kwake bila kufikiri hivyo.

Halafu ikapita muda mrefu bila habari. Siku moja nilikuwa napita na beseni langu kichwani, jua linaelekea upande wa mji, nikamwona mume wangu amekaa mlangoni kwa Fundi. Mgongo ulikuwa wake, shati lake jeupe, mkanda wake, na mkono wa kuume unapanda na kushuka juu ya gita. Nililazimika kutua beseni chini.

Alikuwa ni Fundi. Alikuwa ametengeneza gita la tatu, amelipaka rangi nyekundu kotekote, bila verni na bila kulikwangua popote. Kazi ikiisha alinawa vumbi la mbao, akavaa shati la marehemu na mkanda, akakaa mlangoni na kuusogeza mkono wake juu ya gita, juu na chini, bila kupiga chochote. Hakujua kupiga. Nyuzi zilinong'ona tu. Watoto walimcheka, wakubwa wakasema ameanza dawa za kienyeji, mmoja akaenda kumshtaki kwa padri. Yeye aliendelea, alasiri baada ya alasiri.

Mkono wa shati uliisha kabla ya rangi. Akashona kiraka, nacho kikaisha. Mwishowe akakata mkono wa kuume wa shati begani.

"Rangi haiogope nguo," aliniambia. "Inaogopa ngozi. Ngozi na jasho."

"Na mpaka lini, Fundi?"

"Mume wako ilimukamata miaka ngapi? Njo ile."

Nikaanza kupita pale makusudi. Namletea samaki, yule mkubwa kuliko wote, bila kusubiri achague. Nakaa kwenye benchi, tunatazama barabara, mkono wake unakwenda na kurudi. Rangi ilififia kwanza, ikawa kama waridi, kisha siku moja mbao ikachungulia, ndogo kama ukucha. Tuliiangalia wote wawili, kisha mkono wake ukaendelea.

Alama za meno zilimshinda. Meno yake ya mbele yalikuwa yameshaondoka. Alizichonga kwa ncha ya msumari, akikumbuka kila jino lilivyokuwa limekaa, na alinionyesha kwa haya.

"Ile tu njo uongo ndani yake," alisema.

Kipara alivyozidi kuzeeka, ndivyo Fundi alivyozidi kupotea. Alitengeneza kiti cha miguu mitatu na kukigombeza kwa kuanguka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Alitoka kwenda misa, akakutwa upande mwingine wa mji, amekaa kwa watu asiowajua, akiipiga kofi milango yao na kuisikiliza. Binti yake akaja kumchukua, akafunga atelye. Siku ya kuifunga aliniletea gita.

"Papa alisemaka zamani, kama akisahau mambo yote, hii ni ya Mama wa samaki," alisema.

Nilingoja aondoke. Nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikaweka mkono. Kile kishimo kilikuwepo. Kilikuwa na ubaridi ule ule, kimeteremka polepole vile vile kuelekea ukingoni, mahali ambapo mume wangu alipumzisha mkono akingoja zamu yake ya solo. Nililia mpaka binti yangu akaja kugonga mlango.

Baada ya hapo nilikaa na deni la kusema asante. Nikambeba Kipara mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, nikaenda kwa binti yake Fundi. Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Fundi alikuwa amekaa uani kwenye jua, amekonda, mikono juu ya magoti kama vyombo vilivyorudishwa kabatini.

"Uko muzima, Fundi?"

"Niko, Mama. Unatafuta nani?"

Nilimfungua Kipara nikamwekea mapajani. Mikono yake iliamka kabla yake mwenyewe. Ilipita kwenye kipara, ikageuza gita, ikapapasa mistari ya bakoli, ikapanda shingoni. Kidole gumba kikafika kwenye alama za meno, kikasimama. Alikwangua uzi mmoja, akainua kichwa cha gita, akakiuma kwa ufizi, macho yamefumbwa, akisikiliza.

"Kipara," alisema. "Banamurudisha. Mulimupata wapi?"

"Ni wewe uliyemtengeneza, Fundi. Kwa mkono wako."

Alinicheka kwa heshima, kama unavyomcheka mtu asiyejua kazi.

"Hapana, Mama. Miye niko fundi wa mbao. Hii bantu habatengenezake. Hii inazeekaka yenyewe." Akatazama mlango wa ua, nyuma yangu. "Na mwenyewe iko wapi? Aingie nimupime. Atakuwa ameongeza kilo."

Ningeweza kusema yuko njiani. Nilitaka kusema hivyo. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na miaka yote sikuwahi kumdanganya hata kwa utani.

"Alikufa, Fundi. Zamani. Jeneza lake ulilipiga randa wewe."

Nilimwona akisikia habari ile kwa mara ya kwanza. Mdomo ulifunguka bila sauti, kisha sauti ikaja, na Fundi akalia. Alilia kwa nguvu, kwa kamasi, akimkumbatia Kipara, akiita jina la mume wangu ambalo mtu hakuwa ameliita mbele yangu tangu kaburini. Kilio chote alichokuwa amekizuia siku ile kwa ufagio wangu kilikuwa ndani bado, hakikupungua hata kidogo. Na alikuwa amesahau kwamba haruhusiwi.

Nikatazama huku na huku uani. Hakukuwa na mutani mwingine ila mimi.

Nikaingiza mkono mfukoni mwake. Kamba ilikuwemo. Nikaishikiza kwenye utosi wake, nikaiteremsha mgongoni, nikapitisha kwenye goti lililokunjwa, mpaka kisigino. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeona hasara.

"Wewe utanikulia mbao mingi," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akanyamaza. Alinitazama, uso umelowa, pua inatiririka, mkono wake wa kuume umelala pale pale kwenye kipara. Kitu fulani kikatembea mdomoni mwake.

"Uache fasi ya miguu," alisema, "mujane wangu."

Tukacheka, mimi na yeye, mpaka binti yake akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Kabla sijairudisha kamba mfukoni mwake nilifunga fundo pale ilipofika kisigino, ili siku yake ikifika mtu asije akahitaji kumpima.